SOMO LA KIKUNDI: "Nipe nikupe" katika agrimenti



Somo letu safari hii ni juu ya neno moja tu. Ni neno la Kiingereza, "consideration", na mtalikuta katika agrimenti nyingi za shamba, ploti au duka. Nimeamua kulifundisha peke yake kwa sababu niliona jinsi lilivyokaribia kuwapotezea akina mama nyumba ya mashine ya kusaga.

Tuanze na maana ambayo wengi tunaijua. Ukimwambia mwenye duka, "Mama, nifikirie bei kidogo," unaomba akujali hali yako. Mwalimu akimwacha mtoto wa mjane aendelee kukaa darasani huku karo ikitafutwa, tunasema amemfikiria. Hiyo ndiyo consideration ya kila siku, yaani roho ya kumjali mwenzako. Halafu kuna ile ya ofisini. Mnapeleka maombi ya msaada, mnajibiwa kwamba maombi yenu yako "under consideration". Hapo hamjapewa kitu. Karatasi iko mezani, wakubwa bado wanawaza. Kuna kikundi kilichosomewa barua ya namna hiyo na kijana wa sekondari, wakapiga vigelegele na kuchinja mbuzi. Mbuzi aliliwa, pesa hazikuja.

Sasa mwanasheria akitaja neno hilo hilo, hazungumzi juu ya roho nzuri wala juu ya kuwaza. Anauliza hivi: kila upande umetoa nini, au umeahidi kutoa nini, ili upate kile unachopewa? Ukiuza ng'ombe kwa shilingi 40,000, wewe unatoa ng'ombe na mwenzako anatoa pesa. Kiswahili chetu cha sokoni kina maneno yanayofaa kabisa: nipe nikupe. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inafuata sheria ya Uingereza katika jambo hili. Ahadi ya upande mmoja tu, isiyo na nipe nikupe, kwa kawaida huwezi kuidai kortini. Itamsumbua mtu katika dhamiri yake, lakini jaji hatamlazimisha.

Haya, nirudi kwa wale akina mama. Mzee mmoja wa kijiji aliwaambia, "Hapo kando ya barabara nawapa, jengeni." Walifurahi, wakachanga, wakajenga nyumba ya mabati na kuweka mashine. Katibu wao alikuwa mtu makini, akasema lazima pawe na maandishi. Akaandika kwa Kiingereza, ili karatasi iwe na uzito, kwamba mzee ametoa ploti kwa sababu ya "consideration" yake kwa kikundi. Alitaka kusema kwamba mzee amewafikiria. Mzee akaweka kidole gumba, wakapiga makofi.

Mzee alipofariki, wanawe walisema ploti ni yao na mashine iondolewe. Tulikwenda kwa wakili, mimi na mama mwenyekiti na katibu. Wakili akasoma, akauliza, "Consideration iko wapi?" Katibu akamwekea kidole juu ya neno: "Si hii hapa!" Wakili hakucheka, namshukuru kwa hilo. Alisema, "Mama, neno nimeliona. Nauliza, kikundi kilimpa mzee nini?" Tukanyamaza, maana hawakuwa wamempa hata kilo moja ya unga. Alituambia kuna njia nyingine ya kujitetea, kwa kuwa walijenga wakiamini ahadi na mzee akiwaona, ila hiyo ni kesi ya miaka mingi na pesa nyingi.

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye. Kulikuwa na kesi Uingereza mwaka 1842, Thomas na Thomas. Mume alitaka mke wake abaki na nyumba akishakufa yeye. Wasimamizi wa mali wakaandikiana na mjane kwamba atakaa humo, atalipa pauni 1 kwa mwaka na kuitengeneza nyumba. Baadaye akatakiwa kutoka. Korti ikasema matakwa ya marehemu, hata yawe mema namna gani, si consideration. Lakini ile pauni moja na kazi ya kutunza nyumba ni consideration ya kutosha. Korti haipimi kama bei ni kubwa au ndogo, inatazama kama kuna kitu kilichotolewa. Basi akina mama wetu wangalimwandikia mzee kwamba watamlipa shilingi 100 kwa mwaka, au watamsagia mahindi yake bila malipo, wangekuwa na mahali pa kusimama.

Tena jambo la wakati. Kitu kilichokwisha kufanyika zamani hakihesabiki. Katika kesi ya McArdle, iliyoamuliwa mwaka 1951, mke wa mmoja wa wana alitengeneza nyumba ya familia. Kazi ilipokwisha, ndugu wote walitia sahihi kwamba atalipwa pauni 488 kutoka mali ya urithi. Baadaye wakakataa, na korti ikawakubalia, kwa sababu kazi ilikwisha kabla ya ahadi. Kwa hiyo ninyi mnaomlimia mtu halafu anasema, "Asanteni, nitawapa ekari moja," jueni hiyo ni shukrani tu. Mapatano yaje kwanza, jembe lifuate. Mimi naona sheria hii ni kali kwa watu wetu, ambao hushika jembe kabla ya kalamu, lakini ndivyo ilivyo.

Je, zawadi ya ardhi haiwezekani? Inawezekana, lakini ikamilishwe: hati ya kuhamisha isainiwe na iandikishwe katika ofisi ya ardhi mtoaji akiwa hai. Na hata mkiwa na nipe nikupe safi, mkataba wa ardhi lazima uandikwe, pande zote zitie sahihi, na shahidi aliyekuwapo atie yake. Shamba la kilimo linahitaji pia idhini ya bodi ya ardhi, na ombi lipelekwe kabla ya miezi 6 kwisha tangu kuandikiana. Bila idhini hiyo mapatano huwa bure, ingawa pesa mlizolipa mnaweza kuzidai kama deni.

Akina mama hawakwenda kortini. Mke mkubwa wa marehemu aliwaita wanawe mbele ya wazee. Kesi ya urithi ilipokwisha, waliandikiana upya kwa Kiswahili, kodi ya shilingi 500 kwa mwezi, wakapita kwa bodi. Mashine inasaga mpaka leo, ila kodi hiyo inawauma.

Mkikutana, leteni karatasi zote za kikundi. Msomeaji asome polepole, na kwa kila karatasi ulizeni: sisi tumetoa nini hapa, na wao wametoa nini? Iliandikwa kabla ya kazi au baada ya kazi? Kama mtoaji bado yu hai na karatasi ina upande mmoja tu, nani atakwenda kuzungumza naye, na siku gani?