Hisa za Silaha: Vita Vinapopandisha Bei



Tarehe 27 Februari 2022, siku tatu baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Kansela Olaf Scholz alitangaza mfuko wa yuro bilioni 100 kwa jeshi la Ujerumani. Kesho yake hisa za Rheinmetall, kampuni inayotengeneza mizinga na risasi, zilipanda kwa zaidi ya asilimia 20. Fedha hizo hazikuwa zimefika kiwandani. Wanunuzi walilipia matarajio. Ndiyo maana habari za usuluhishi mara nyingi huzishusha.

Je, Mwislamu anunue?

Kwanza, Imam Bukhari ameweka mlango kuhusu kuuza silaha wakati wa fitna, akitaja kuwa Imran bin Huswayn (r.a.) alilichukia jambo hilo. Silaha si haramu kwa dhati yake. Hutazamwa nani anauziwa, na kwa kazi gani. Lakini mwenye hisa ni mshirika asiyemchagua mteja.

Pili, fahirisi ya Kiislamu ya Dow Jones huziondoa kampuni za silaha, hata zisipokuwa na deni la riba.

Tatu, jiulize: faida yako ikitegemea vita, utaombea suluhu kwa moyo gani?

Wallahu aalam.