Hukumu ya Mwenye Elimu Kumuuliza Aliye Karibu Naye



Yapasa kujua, ewe msomaji, ya kuwa watu wengi wadhani elimu ina njia moja tu, nayo ni kutoka kwa mwalimu kwenda kwa mwanafunzi. Na wenye dhana hii zaidi ni wale waliokwisha kusoma kidogo. Walakini fikihi ya Imamu Shafii yenyewe yamlazimisha aliyesoma kumuuliza asiyesoma, na pengine asipouliza sala yake haisihi.

Mfano wake ni huu. Mwalimu wa chuo atoka pwani kwa gari la moshi la TAZARA, lile ambalo njia yake ilijengwa baina ya mwaka 1970 na 1975, ashuka stesheni ya Mbeya, kisha afikia Iyunga katika nyumba ya mtu ambaye hakusoma ila Juzuu Amma na kitabu cha Safina. Magharibi imekwisha ingia. Ukungu umeshuka, wala jua halikuonekana tangu adhuhuri. Mgeni amehifadhi Minhaji ya Imamu Nawawi. Mwenyeji wake hana Minhaji, walakini amesali miaka mingi katika msikiti wa mtaa, na mihirabu yake aijua. Je, ni nani amfuate mwenziwe katika kibla?

Jawabu limo katika hiyo Minhaji aliyoihifadhi mgeni. Asiyeweza kuijua kibla kwa yakini, imempasa kulishika neno la mtu mwaminifu atoaye habari kwa ujuzi, wala hana ruhusa ya kujitahidi kwa rai yake maadamu mtu huyo yupo. Na mwaminifu huyo si lazima awe mwanachuoni, wala si lazima awe mwanamume. Mke wa mwenye nyumba akisema, “Kibla ni huku,” naye asema kwa kujua, basi neno lake latangulia ijtihadi ya mwalimu. Na kuuliza kwenyewe ni wajibu juu yake. Akiona haya, akageukia alikodhania, kisha ikabainika kwa yakini kuwa alikosea, basi airudie sala. Na walio nyuma yake wairudie vile vile.

Akisema mwenye kusema: siku hizi watu wana dira katika simu zao, haja ya kuuliza ni ya nini? Ataambiwa: dira ni katika dalili za ijtihadi, nayo ni dalili njema, walakini sindano yake huvutwa na chuma, na penye reli na mabati chuma ni kingi. Kibla cha Mbeya ni kaskazini, kikielekea mashariki kidogo, kiasi cha digrii 12. Hayo mwenyeji huenda hayajui kwa hesabu, bali ajua kuwa uso wake huielekea safu ya milima ya Mbeya.

Na jirani asiye Mwislamu je? Huku majirani wengi si Waislamu. Habari yake juu ya kibla yenyewe haikubaliwi. Ama akimwambia Mwislamu habari za dalili, kama vile jua lachomoza wapi na mlima huu uko upande gani, Imamu Mawardi amesema yafaa Mwislamu azitumie katika kujitahidi kwake ikiwa moyo wake umesadiki. Imamu Shashi akalipinga neno hilo, akasema haifai ila akubaliane naye Mwislamu, na kauli hii ndiyo walioitegemea wa baadaye. Hata hivyo, huyo Mwislamu wa kukubaliana naye, ni nani kama si mwenye nyumba yule yule?

Mambo ya tayamamu ni mfano wa hayo. Msafiri hawi mwenye kukosa maji mpaka ayatafute katika mizigo yake na awaulize wenziwe wa safari. Anyamazaye kwa kiburi akapiga mchanga, na huku jirani yake ana galoni, tayamamu yake si tayamamu.

Wala mtu asidhani kuwa hukumu hii ni ya waalimu wadogo. Imamu Shafii mwenyewe, aliyefariki Misri mwaka 204 wa Hijria, katika mambo ya hedhi hakupata aya wala hadithi iliyowekea muda wake mpaka ulio wazi. Alifanyaje? Alifuatilia desturi za wanawake na habari zao, kwa kuwa wao ndio wajuao. Kwa habari hizo ikathibiti katika madhehebu yake kuwa hedhi chache kabisa ni mchana na usiku wake, na nyingi kabisa ni siku 15, na ile ya desturi ni siku 6 au 7. Hesabu hiyo ndiyo waihifadhio watoto vyuoni hata leo, Iyunga na kwingineko, nao wengi wao hawajaambiwa kuwa asili yake ni majibu ya wanawake.