Plagi za Motakaa na Namna ya Kuzikaza

Misheni ya Kilema ilipoanzishwa mwaka 1890, hapakuwa na barabara ya magari katika miteremko ya Kilimanjaro. Mizigo ilitoka pwani juu ya vichwa vya wapagazi. Mwaka 1912 reli ya Tanga ilifunguliwa mpaka Moshi, na baadaye motakaa zikaanza kupanda mlimani. Tangu hapo fundi wa motakaa amekuwa mtu wa lazima, na kazi yake yataka mkono wenye kiasi. Kazi hiyo yaonekana katika kitu kidogo kiitwacho plagi.

Kazi ya plagi

Ndani ya injini ya petroli mna silinda, na ndani ya kila silinda pistoni hupanda na kushuka. Ipandapo hushindilia hewa iliyochanganyika na petroli. Ndipo plagi hutoa cheche ya umeme, mchanganyiko ukawaka, na nguvu ya moto ikaisukuma pistoni chini. Injini ya kawaida ikizunguka mara 3000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche 1500, yaani 25 kwa kila sekunde. Gottlob Honold, aliyekuwa akifanya kazi kwa Robert Bosch huko Stuttgart, Ujerumani, ndiye aliyetengeneza mwaka 1902 plagi na mtambo wake wa umeme wenye nguvu nyingi. Injini za dizeli hazina plagi za namna hii, maana mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa sana.

Katikati ya plagi mna ufito wa chuma upitishao umeme. Umezungukwa na kauri, ambayo haipitishi umeme. Nje mna gamba la chuma lenye hesi, yaani mitai kama ya parafujo, na juu ya hesi mna pete ya chuma laini.

Hatari mbili

Plagi ikilegea, moshi wenye moto huvuja na nguvu ya injini hupungua. Tena joto la plagi hutoka kwa njia ya hesi na pete, likaingia katika kichwa cha injini. Plagi isiyokaa imara haina njia ya kulitoa joto lake. Ncha yake huwa nyekundu kama kaa la moto, ikawasha petroli kabla ya wakati, hata pistoni yaweza kutoboka.

Plagi ikikazwa kupita kiasi, gamba hunyooka na kauri hupasuka. Tena, vichwa vya injini nyingi ni vya alumini, nayo ni laini kuliko chuma cha plagi. Hesi zake zikikatika, matengenezo hugharimu kuliko plagi nyingi.

Namna iliyo sawa

Kwanza, injini iachwe ipoe.

Pili, vumbi lipulizwe kabla ya kuifungua plagi, mchanga usije ukaanguka ndani ya silinda.

Tatu, hesi zifutwe kwa kitambaa kikavu.

Nne, plagi itiwe kwa vidole. Ikikataa, isilazimishwe; itolewe, ianzwe upya mpaka iende kwa wepesi.

Tano, ikifika mwisho ndipo spana ishikwe. Plagi mpya ya milimita 14 yenye pete hukazwa nusu mzunguko hata theluthi mbili, ili pete ibonyee. Iliyokwisha kutumika yatosha robo mzunguko au chini yake, kwa kuwa pete yake imekwisha kubonyea. Plagi zenye kitako cha mshazari hazina pete. Hizo zatosha sehemu moja ya 16 ya mzunguko. Kitabu cha gari kikitaja kipimo kingine, hicho ndicho kifuatwe.

Nguvu itakiwayo kwa plagi ya milimita 14 yenye pete ni kadiri ya uzito wa kilo 10 ulioning'inizwa kwenye ncha ya mpini wa sentimita 25. Mtu mzima akiuegemea mpini kwa mwili wake wote huizidi nguvu hiyo mara kadhaa.

Faida ya kiasi

Tuseme motakaa yapanda kutoka Himo usiku, imemchukua mama mwenye uchungu wa kuzaa kwenda hospitali ya Kilema. Barabara ni ya mlima, injini yafanya kazi kwa nguvu zake zote. Plagi moja iliyolegea yaweza kuisimamisha gari njiani. Fundi aliyeikaza asubuhi hamjui mama huyo, wala mama hamjui fundi. Lakini uhai wake umo katika robo ya mzunguko wa spana. Mvivu hulegeza, mwenye kiburi huvunja. Fundi mwaminifu hufuata kipimo, hata pasipo mtu wa kumtazama.

Maswali

1. Joto la plagi hutoka kwa njia gani?
2. Kwa nini plagi mpya yenye pete huzungushwa zaidi kuliko iliyokwisha kutumika?
3. Mpini ukiwa na sentimita 50, uzito wa kilo ngapi watosha?