Mvivu, au Amechoka?

Saa nne asubuhi. Mzee mmoja anapita kwenye mwalo wa dagaa kando ya Ziwa Victoria. Chini ya mti wamelala vijana sita, mmoja anakoroma kabisa.

"Shikamoo mzee," anaamkia mmoja aliyefumbua jicho.

"Marahaba. Jua lote hili mnalala? Vijana wa siku hizi bwana!"

Mzee akaenda zake. Angeuliza, angejua kwamba wale vijana walikuwa majini usiku kucha na taa zao. Dagaa huvuliwa gizani kwa sababu huifuata taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa haiwavuti tena vizuri, ndiyo maana siku hizo wavuvi wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu na kupiga soga. Ukipita siku hizo bila kuuliza, utasema umeona kijiji kizima cha wavivu.

Je, wewe umeshaitwa mvivu? Nani alikuita, na alikuwa ameona nini?

Hapa kwetu Tanzania neno hili limebeba mambo mengi. Wakati wa Mwingereza, sheria ya mwaka 1923 iliruhusu mtu asiye na kazi wala njia ya kuishi mjini arudishwe kwao. Baada ya Uhuru, Azimio la Arusha la 1967 lilisema waziwazi kwamba wanawake wa vijijini ndio wanaofanya kazi kuliko watu wote, na wanaume wa huko wanapumzika mno. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvukazi: Dar es Salaam watu walikamatwa barabarani na kupelekwa vijijini kulima. Wengi walirudi mjini, maana kilichowatoa kijijini kilikuwa bado kipo. Kumwita mtu mzururaji ni rahisi kuliko kumpatia kazi.

Lakini hili ni gazeti la afya, basi tuingie mwilini.

Kusini mwa Marekani, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wakulima maskini walidharauliwa kwa uvivu. Walionekana wamekaa tu, nyuso zimepauka, watoto wanasinzia darasani. Mwaka 1902 mwanasayansi mmoja wa serikali, Charles Stiles, akatangaza kwamba wengi wao wana minyoo ya safura. Magazeti yakacheka, yakasema eti kimepatikana kijidudu cha uvivu! Kumbe ilikuwa kweli. Mwaka 1909 tajiri Rockefeller alitoa dola milioni moja kupambana na minyoo hiyo. Watu walipewa dawa na kufundishwa kujenga vyoo, na wengi waliotibiwa wakapata nguvu.

Minyoo ya safura ipo kwetu pia. Huingia kupitia ngozi, hasa ukitembea pekupeku kwenye udongo wenye kinyesi, kisha hukaa kwenye utumbo na kunyonya damu kidogo kidogo. Damu ikipungua, utachoka kwa kazi ndogo, moyo utaenda mbio, utasikia kizunguzungu. Viganja na ndani ya kope hupauka. Malaria ya mara kwa mara huleta hali hiyo hiyo, na msichana anayetoka damu nyingi mwezini anaweza kuipata pia. Ukijiona hivyo nenda zahanati upimwe. Usikubali kuchapwa kwa ugonjwa.

Kuna uchovu mwingine ambao hauna mdudu. Tuseme kaka na dada wa nyumba moja, wote Kidato cha Pili. Dada anaamka saa kumi na moja alfajiri: kufagia, maji, vyombo, chai ya wadogo. Jioni anapika, anaosha, anamwogesha mtoto. Saa nne usiku ndipo anashika daftari, na analala saa tano na nusu. Kaka akirudi shule anatupa mkoba, huyo uwanjani. Analala saa tatu na nusu mpaka saa kumi na mbili asubuhi.

Hesabu mwenyewe. Kaka kalala saa nane na nusu, dada saa tano na nusu. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10 kila usiku. Ukilala ndipo ubongo unapopanga uliyojifunza mchana, na ndipo mwili unapotoa kwa wingi homoni ya kukua. Sasa dada anasinzia kwenye kipindi cha hesabu, na mwalimu anamwambia nini? Mvivu!

Na yule wa kijiweni? Wengi pale wamezunguka kutafuta kibarua tangu asubuhi, wamekosa, wamekaa. Kukaa na wenzako si dhambi. Wazee wa Lamu na Unguja hukaa barazani na kahawa yao kila jioni, na hapo habari za mtaa hujulikana, ugomvi husuluhishwa. Ila kuna kukaa kwa namna nyingine: mwenzako hacheki tena, hataki mpira aliokuwa anaupenda, hali vizuri, halali au analala mchana kutwa, na sasa ni zaidi ya wiki mbili. Hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Usimwambie ajikaze. Kaa naye, msikilize, msindikize kituo cha afya. Akisema anataka kufa, msimwache peke yake, na mwambieni mtu mzima mnayemwamini siku hiyo hiyo.

KAZI YA KIKUNDI

Wasichana wakae upande mmoja na wavulana upande mwingine. Kila kundi lichore duara kubwa na kuligawa sehemu 24, kama saa za siku. Jazeni siku ya jana ilivyokuwa kweli, siyo mnavyotamani: kulala, shule, kazi za nyumbani, michezo, kukaa tu. Bandikeni michoro ukutani. Halafu mvulana mmoja asome kwa sauti mchoro wa wasichana, na msichana mmoja asome wa wavulana.