SOMO LA MASHINE: KUFUFUA TREKTA KONGWE YA BUSTANI

Katika mkutano uliopita mwanachama mmoja aliuliza hivi: mashine ya petroli iliyokaa bandani miaka mingi hata ikashika kutu na kukataa kuzunguka, je, iuzwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, au mwenyewe aweza kuitengeneza nyumbani? Nalimjibu kwa maneno mawili matatu tu, maana watu walikuwa wamekwisha simama kwenda zao. Leo namjibu kwa utuvu, na mfano nitakaoutoa si wa hapa kwetu bali wa Marekani, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza kazi hii kwa mikono yangu.

Mwaka 2019 nilikwenda Ohio kumtazama dada yangu, nikakaa miezi mitatu. Shemeji yangu alikuwa amepewa na jirani yake, mzee sana, trekta ndogo iliyonunuliwa na baba yake mzee yule mwanzoni mwa miaka ya 1960. Masharti ya mzee yalikuwa moja: ikitembea, ipitishwe mbele ya nyumba yake aione. Isipotembea kabla ya majira ya baridi, watu wa vyuma waichukue.

Trekta yenyewe ni Cub Cadet ya kwanza, iliyotengenezwa na kampuni ya International Harvester katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, mpaka mwaka 1963. Rangi yake ni njano na nyeupe. Mashine yake ni Kohler K161 ya nguvu za farasi 7, ya silinda moja, yenye kupozwa kwa upepo. Hizo zilitengenezwa kwa watu wenye viwanja vya majani na bustani za mboga, na leo wako Wamarekani wengi wanaozikusanya na kuzifufua kwa mapenzi tu. Simshauri mwanachama yeyote aagize moja kwa ajili ya shamba la karafuu. Mizizi ya mkarafuu iko juu juu, nayo haipendi kuchimbuliwa. Lakini mashine ya silinda moja ni ile ile, iwe kwenye trekta, kwenye pampu ya maji au kwenye jembe la injini, na hewa yetu ya chumvi huziua zote kwa namna moja.

Basi jambo la kwanza: usiizungushe kwa nguvu. Kila mtu akiona mashine imekwama hushika kamba au starta akavuta. Pistoni iliyoshikwa na kutu ikilazimishwa, ringi huvunjika na silinda hukwaruzwa, na hapo ndipo kazi ya shilingi chache hugeuka kuwa ya kununua mashine nyingine. Kwanza tia picha kwa simu kila upande, kila waya na kila springi ya kabureta. Kisha tafuta kibati chenye namba ya mashine uiandike, kwa kuwa vipuri huulizwa kwa namba hiyo, si kwa rangi ya mashine. Sisi tulitandika gunia sakafuni, tukapanga kila nati kwa mfuatano wake kama karafuu juu ya jamvi. Shemeji alinicheka siku ya kwanza. Siku ya kumi hakucheka.

K161 ina jambo jema: valvu zake zimo ubavuni mwa silinda, si juu, kwa hiyo kifuniko cha silinda ni kipande cha aluminiamu tu na hufunguliwa kwa kutoa bolti zake. Tulipofungua tuliona pistoni imesimama katikati, imezungukwa na kutu nyekundu. Tukatia mafuta ya gia za otomatiki yaliyochanganywa na asetoni nusu kwa nusu. Asetoni hushika moto kwa haraka, basi ifanyiwe kazi nje, mbali na jiko na sigara. Asiyeipata atumie dizeli na oili nyepesi, ila asubiri zaidi.

Na kusubiri ndiko kazi yenyewe. Tulitia mafuta siku tano, asubuhi na jioni, na kila jioni tuliweka kipande cha mti juu ya pistoni tukakigonga polepole kwa nyundo ndogo, mara kumi au kumi na tano, basi. Siku ya sita pistoni ilishuka kiasi cha unene wa ukucha. Hapo usishangilie ukazungusha! Rudisha gurudumu la mashine kwa mkono, mbele kidogo, nyuma kidogo, na kila mara futa kutu inayotoka, mpaka pistoni ipande na kushuka yote. Masizi yaliyo juu ya pistoni na ndani ya kifuniko yakwanguliwe kwa kipande cha mti, si bisibisi, maana aluminiamu huchubuka.

Kisha kumbuka jambo linalosahauliwa na wengi. Yale mafuta uliyoyamimina juu yamepenya pembeni mwa pistoni yakateremka chini kwenye oili. Oili hiyo imekwisha haribika. Ipakue yote, utie mpya ya namba 30, ambayo ndiyo inayofaa mashine hizi penye joto. Weka gaskiti mpya ya kifuniko, na kaza bolti kwa kuvuka, hii na ile inayoielekea, kidogo kidogo kwa mizunguko mitatu. Ukiimaliza moja kabisa ndipo uende nyingine, kifuniko kitapinda.

Baada ya hapo mashine yataka vitu viwili: cheche na petroli safi. Cheche za K161 hutokana na betri na koili, na pointi zake ziko nje, chini ya kifuniko kidogo ubavuni. Zikikaa miaka, hufanya ukungu unaozuia umeme. Zisugue kwa tupa laini sana, kisha pitisha karatasi safi katikati yake mpaka itoke haina weusi. Zikifunguka kabisa, nafasi yake iwe inchi 0.020, yaani karibu nusu milimita. Tulipozungusha mashine, plagi ikiwa imelazwa juu ya chuma na waya wake umevikwa, tuliona cheche ya buluu. Jaribio hilo lifanywe kabla ya kutia petroli, maana mvuke wa petroli na cheche iliyo wazi havikai pamoja.

Petroli ya zamani hugeuka utomvu. Tangi lilitolewa, likaoshwa, mpira wa petroli ukatupwa ukawekwa mpya. Petroli ya Marekani siku hizi huchanganywa na spiriti itokanayo na mahindi, nayo hula mipira ya kale. Kabureta tulilifungua lote. Kabla ya kutoa skrubu ya kupimia petroli, ikaze taratibu mpaka igote, huku ukihesabu ni mizunguko mingapi, uandike; ukirudisha, uiregeshe kwa hesabu ile ile, nawe utakuwa karibu na mahali pake. Usichokoe tundu la jeti kwa waya wa chuma. Tundu likipanuka kidogo tu, mashine itakula petroli na kutoa moshi mweusi siku zote. Pulizia upepo, au tumia uzi mmoja laini wa shaba.

Kutu ya vipande vidogo tuliiondoa kwa siki, usiku kucha, kama mama zetu wanavyosugua vyombo vya shaba kwa ukwaju. Vikitoka vikaoshwa, vikakaushwa na kupakwa mafuta saa ile ile, maana chuma kilichotoka kwenye siki hupata kutu mpya kabla ya chai kupoa. Habari za rangi sitazieleza. Kila mtu anaweza kupaka rangi, na wengi huanza nayo, ndiyo maana kuna mashine nyingi nzuri zisizowaka.

Sasa niseme kosa langu. Siku ya kujaribu, swichi ya kuwashia ilikuwa imekufa. Badala ya kungoja nyingine, mimi nilichukua bisibisi nikagusanisha waya wa betri na ncha ya starta, kama nilivyoona mafundi wakifanya. Shemeji alikuwa mbele ya trekta akitazama kabureta. Hakuna aliyetazama gia. Mashine iliwaka mara moja, na trekta ikaruka mbele ikambana miguu kwenye meza ya kazi. Trekta nyingi za umri ule hazina swichi ya usalama ya kuzuia mashine isiwake ikiwa gia imeingia. Nilichomoa waya wa plagi kwa mkono, umeme ukanipiga mpaka begani. Shemeji alitoka na goti lililovimba, hakuvunjika, ila dada yangu hakusema nami siku mbili, na ilikuwa haki yake. Mlango wa banda nao ulikuwa umefungwa kwa ajili ya baridi. Moshi wa petroli una sumu isiyo na harufu ambayo huua mtu chumbani bila yeye kujua. Tulifanya makosa mawili kwa dakika moja, tukasalimika na yote mawili kwa rehema ya Mungu.

Basi, kabla ya kuwasha: mashine iwe nje, gia iwe huru na umeihakikisha kwa kuisukuma trekta kwa mkono, magurudumu yawekewe mawe, na asisimame mtu mbele wala nyuma. Swichi ikifa, nunua swichi.

Juma lililofuata trekta ilipita mbele ya nyumba ya yule mzee, shemeji akiiendesha huku akichechemea. Mzee alitoka na fimbo yake, akatuashiria tuizime. Hakutazama rangi. Aliinama akasikiliza mlio wa mashine ikipoa, tik, tik, kisha akatuomba tuiwashe tena.

Mwanachama aliyeuliza, na mwingine yeyote mwenye pampu au jembe la injini lililokwama, alilete bandani kwa chama Jumamosi baada ya alasiri. Aje na oili na plagi mpya. Nyundo aiache nyumbani.

Katibu