Alama za chini, hofu kubwa

*Ninafundisha Hisabati, Gredi ya 6. Naibu wa mwalimu mkuu alinifuatilia darasani mara moja tu, siku ambayo wanafunzi wengi hawakuwapo, akanipa alama za chini. Je, nitafutwa kazi? – Mwalimu, Kitui*

Woga wa mwalimu huyu unaeleweka, lakini alama za muhula mmoja si barua ya kufutwa. Kufutwa kuna mkondo wake wa nidhamu: mashtaka kwa maandishi, kisha nafasi ya kujitetea.

TPAD, mfumo wa kutathmini utendakazi wa walimu ambao Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) ilianza kuutumia kote nchini Kenya mwaka 2016, unakusudia pia kubaini mahali mwalimu anahitaji msaada. Ndiyo maana mwalimu hujikadiria kwanza, hufuatiliwa akifundisha, kisha yeye na mkadiriaji huketi wakajadiliana. Mazungumzo hayo yakirukwa, tathmini hubaki namba tupu, na mwalimu ana kila sababu ya kulalamika.

Basi aombe kikao. Aende na maazimio ya kazi, maandalio ya somo na madaftari aliyosahihisha, aeleze siku ile ilivyokuwa, aombe kufuatiliwa tena.

Wasipokubaliana, amwone mwalimu mkuu. Na akipokea barua ya kumtaka ajieleze, ajibu kwa maandishi kabla ya muda kupita, na siku hiyohiyo awasiliane na tawi lake la chama cha walimu, KNUT.