Punguzo la Bei katika Somo la Asilimia
Tunapofundisha asilimia, tuanze na fedha za watu. Tuchukulie kwamba shule moja ya Bagamoyo, kwa michango ya wazazi, yataka kununua kompyuta ya mezani Kariakoo. Bei ya sh. 800,000 imefutwa, pameandikwa 500,000. Wanafunzi watajibu upesi: punguzo ni asilimia 37.5. Hesabu ni sahihi, ila haijatuambia kitu. Duka la pili huuza kompyuta ya namna ile ile kwa sh. 520,000 pamoja na skrini. Hii haina, na skrini ni sh. 150,000. Basi imezidi kwa asilimia 25, nauli ya kuirudisha ikiharibika hatujaihesabu. Wachunguze pia umri wake: huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba, 2025, na mashine nyingi kuukuu hazipokei Windows 11.